Foronya Iliyobaki

Hondohondo mwekundu hayupo duniani. Nimekulia mahali ambapo ukiinua macho unaiona milima ya Usambara, na hondohondo nimewaona wengi, weusi wenye matumbo meupe, wakipita juu na kelele zao za mkokoteni usiotiwa grisi. Mwekundu sijamwona ila mmoja tu, naye yuko kwenye foronya yangu. Mama alimdarizi kwa uzi mwekundu kwa sababu duka la kambini lilikuwa na uzi mwekundu na wa njano basi. Ukitaka rangi nyingine nenda mjini, na mama mjini alikwenda akiwa na mgonjwa tu.

Wanawake wenzake wa kambi walishona waridi na njiwa, na chini yake wakaandika Usiku Mwema. Mama akasema waridi yeye hajapata kuliona likimea, atashona kitu anachokijua. Akamshona ndege wa kwao.

Kambi hiyo ilikuwa ya shamba la mkonge, ukishapita Pongwe unaelekea bara. Baba alikuwa mkata mkonge. Yeye na mama walishuka kutoka Lushoto ndoa yao ikiwa bado changa, na jembe moja na kitabu cha nyimbo cha Kilutheri, na mpaka wanazeeka sikuona kitu kilichowekwa juu zaidi ya kitabu kile mle ndani. Kudarizi mama alijifunza misheni. Mshono wake ulikuwa mmoja, ule wa vijialama vya kuzidisha, uzi unapita hivi na mwenzake unaukata kwa juu, na kwa mshono huo mmoja alikuchorea chochote unachotaka. Alitufundisha mimi na dada yangu, na jambo la kwanza alilotufundisha halikuwa kushika sindano. Lilikuwa kugeuza kitambaa na kutazama nyuma. Nyuma kukiwa na mafundo na nyuzi zinazoning'inia, alikuwa anakurudishia bila hata kutazama mbele.

Foronya zile zilikuwa mbili, maana mito ya kitanda cha harusi ni miwili. Kwenye moja hondohondo anatazama kulia, kwenye nyingine anatazama kushoto, na ukiilaza mito pamoja midomo yao mikubwa ya njano inafika mpaka pindoni na kugusana. Macho yao ni vijialama viwili vitatu vya uzi mweusi. Uzi huo haukutoka dukani. Mama aliuchomoa kwenye soksi ya baba ya Jumapili, na baba akaenda kanisani wiki nyingi na soksi yenye tundu akidhani ni mende.

Zilikuwa foronya za dada. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, mimi wa mwisho, na waliokuwa katikati yetu Mungu aliwachukua wadogo, kwa hiyo nilikuwa mtoto wake kuliko nilivyokuwa mdogo wake. Nililala naye kitanda kimoja. Alinisuka, alinichapa, alinifundisha kusoma kwenye makopo ya maziwa. Halafu akaja Mpemba mmoja aliyekuwa akizunguka makambi na karafuu na mchele, kijana mpole, sina neno baya juu yake mpaka leo, na dada yangu akampenda.

Baba alisema binti wa nyumba ile anaolewa kanisani au haolewi. Dada akaolewa, na si kanisani. Asubuhi anayoondoka baba alikwenda shambani kabla hata kengele ya kazi haijagongwa, ili asimwone akitoka. Mama alikuwa amemfungia vitu vyake kwenye kikapu. Dada ameshakiweka kichwani, mama akamwambia akishushe, akachomoa foronya moja, ile ya anayetazama kushoto, akaikunja akaiweka kifuani kwake.

"Hii inabaki," akamwambia. "Ukija kuifuata, tutaonana."

Dada hakubisha. Aliondoka na hondohondo mmoja.

Nimewaza sana juu ya jambo hilo, na kuna siku nimemkasirikia mama nikiwa mtu mzima na miwani yangu, eti mtu unampunguzia bibi harusi vitu vyake. Lakini mama alimjua mtoto wake. Dada hapendi kitu nusu. Hata chai hakuwahi kuacha nusu kikombe.

Salamu zilikuwa zikija kwa mdomo, kupitia wafanyabiashara wa kwao. Kila mara zilikuwa zile zile: mwambieni mama karafuu zikishaanuliwa nitakuja. Ikawa Mpemba yeyote akitokea kambini na mzigo wake, mama anaacha sufuria motoni, anatoka na kanga ya kichwani imekaa upande, anamwuliza habari za karafuu. Zimezaa? Zimechumwa? Mvua haijazikuta juani? Wanawake wa kambi wakawa wanamcheka, wanasema mama huyu anataka kuingia biashara. Karafuu zilianuliwa mwaka huo na miaka mingine. Dada akapata mtoto, akapata mwingine, mkwewe akaugua, kukawa na hili na lile. Mama alipofariki ilikuwa masika, habari zikachelewa kufika, na dada alipoingia kambini kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Alikaa na sisi msibani, baba hakumsemesha, akarudi. Foronya ilikuwa sandukuni na hakuna aliyeikumbuka siku ile.

Baba naye akaenda. Kambi ikaisha, nikahamia Pongwe, nikaolewa, tukaachana, na hilo halina haja ya kuelezwa. Hondohondo wangu nikamtoa sandukuni, nikamvalisha mto, nikamlalia. Miaka yote hiyo shavu langu limekuwa juu ya ubawa wake.

Mtu atauliza kwa nini mimi sikwenda Pemba. Swali zuri. Mimi ni mtoto wa watu wa mlimani, bahari naiangalia nikiwa nimesimama nchi kavu. Nilikata tiketi mara moja. Nilifika gatini na begi, nikaiona boti inavyocheza ilhali bado imefungwa kamba, miguu ikakataa. Nikala ndizi niliyokuwa nimefunga ya njiani, nikarudi nyumbani. Dada alinicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Kwa hiyo kuonana kwetu kulikuwa mikononi mwake, na yeye alikuwa na mume aliyelala kitandani miaka, hawezi kumwacha.

Basi shemeji akafariki. Dada akakaa eda, akaimaliza, na siku moja simu ikaita nikiwa nachambua mboga.

"Mdogo wangu," akasema, "n'nakuja kufuata foronya yangu."

Nilicheka, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni, nikamwita jirani nimwambie. Furaha ilinikaa mpaka jioni nilipokwenda kutandika kitanda. Hapo nikamtazama yule ndege na moyo ukashuka. Foronya ile ndiyo ndoano ya mama. Ndiyo iliyobaki ili dada arudi. Akishaichukua, arudi kufuata nini? Ana watoto kule, ana wajukuu, ana shamba la karafuu na jaruba la mpunga. Mimi huku nina mto. Nikaona wazi kabisa kwamba ninamkaribisha dada yangu aje mara moja, halafu basi.

Nikasema ndege kama ni kuondoka aondoke, lakini sitabaki kitanda kitupu. Nitamshona wangu.

Kazi ya kudarizi ndiyo inayonilisha. Nashona vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia friji, kwa kila anayeagiza, na watu wa siku hizi wanaagiza makubwa. Nembo za timu za mpira. Picha ya simu ya mkononi. Kuna bwana mmoja alitaka bodaboda yake pamoja na namba zake za usajili. Nashona, nafunga mdomo. Lakini kushona kitu changu mwenyewe, nisichoagizwa na mtu, nilikuwa sijafanya tangu mama yuko hai, na nilipokaa nacho nikajikuta sijui pa kuanzia.

Nilianza na kuhesabu. Nilichukua daftari la miraba, lile la hesabu, nikamlaza hondohondo mezani na kumhamishia kwenye karatasi alama kwa alama, kutoka ncha ya mdomo kurudi mkiani. Ndipo nikajua mama alikuwa mtu wa namna gani. Kwa mbali unaona ndege tu, lakini ukihesabu unakuta mbawa zimepangwa ngazi ngazi, kila safu imerudi nyuma hatua moja, isipokuwa mahali pamoja ambapo safu imeruka. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Alikosea yeye, akaona, akaongeza alama mbili kwenye safu ya chini ili macho yasigundue. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo. Mama yetu ambaye alikuwa anatufumulia kazi kwa kosa la alama moja. Nikaliandika kosa hilo nalo karatasini, kama lilivyo.

Ikaja rangi. Hondohondo wangu si mwekundu tena. Amefuliwa, ameanikwa, amelaliwa, amekuwa rangi ya tofali lililonyeshewa, na mdomo wa njano umekuwa kama uji. Je, nimshone alivyo au alivyokuwa? Nilitafuta uzi wa rangi ile ya tofali maduka yote ya Ngamiani, kule Tanga mjini, na nilipoupata na kuushona kipande kidogo, ukaonekana uchafu tu. Kitu kipya kikishonwa rangi ya uzee hakidanganyi mtu. Nikaigeuza foronya ndani nje, kama mama alivyotufundisha, nikatazama nyuma, na huko, ambako jua na shavu langu havijafika, uzi ulikuwa bado mwekundu. Mwekundu wa kupiga kelele. Ndio huo mama alioushika mkononi. Ndio huo dada aliouona mara ya mwisho akikishusha kikapu, kwa sababu yeye hakuwapo wakati unachujuka. Nikachagua huo. Mwanangu anafanya kazi ya kupitisha mizigo pale mpakani Horohoro, nikampigia aniagizie upande wa Mombasa uzi mwekundu usiochuja, akaniletea fungu zima pamoja na maneno mengi.

Kitambaa nacho kilinipandisha hasira. Mama alitumia merikani, pamba tupu, nzito kidogo, isiyong'aa. Dukani yule bwana akanifungulia bafta, akaisifu ilivyo nyeupe na nyepesi. Nikamwuliza nani amekufa. Huku kwetu bafta ni sanda, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kulaza kichwa, si pa kuzikwa. Akapanda ngazi kwa manung'uniko, akanishushia merikani iliyolala juu kabisa na vumbi lake, nikainunua pamoja na vumbi.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Merikani imefumwa kwa kubana, matundu yake huyaoni, huwezi kuhesabu alama juu yake. Wanawake wa kambini walikuwa na njia yao. Unachukua kipande cha gunia la katani, lenye matundu wazi, unalishikiza juu ya merikani, unashona kupita vyote viwili ukifuata matundu ya gunia. Ukimaliza unalilowesha, unachomoa katani zake moja moja mpaka gunia lote limetoka, na ndege anabaki amekaa juu ya merikani kama aliyetua mwenyewe. Huo ndio ufundi wa kambi za mkonge. Gunia lilikuwa bure, lilikuwa kila mahali.

Kumbe siku hizi haliko. Mji wa Tanga, mji wa mkonge, nimezunguka sokoni na kwenye maghala, kila ninayemwuliza ananionyesha mfuko wa sandarusi. Nikasema siwezi kushindwa na gunia. Nilikuwa na chandarua cha kliniki, nacho kina matundu, nikakishikiza. Nikashona tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Matundu ya chandarua, mwenzangu, hayana pembe nne. Yana pembe sita, na alama zangu zikawa zinafuata pembe hizo kwenda upande, kidogo kidogo, bila mimi kuona. Tena chandarua hakichomoki, nikawa nakikata kwa mkasi vipande vipande. Nilipomaliza nikamtundika hondohondo ukutani, nikarudi nyuma kumtazama. Alikuwa amelala upande kama aliyevaa miwani ya mbao. Nikamfumua, na uzi wa Mombasa ukaharibika, karibu nusu ya fungu.

Siku zilikuwa zinakwenda na dada ameshanitajia boti atakayokuja nayo. Nikakumbuka jirani yetu wa kambini, bibi mmoja aliyehamia Mwera kwa mwanawe, mtu asiyetupa kitu. Nikapanda gari kwenda Mwera. Nikamkuta uani, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekuwa mama yangu mtupu. Nikamweleza haja yangu. Akasema gunia la katani analo, moja, la tangu kambini. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha. Kuku alikuwa amelalia mayai juu yake.

Nilimwomba amwinue tu kidogo. Akanitazama kana kwamba nimetukana. Kuku akisumbuliwa anayakimbia mayai, akasema, subiri aangue. Nikamwambia namnunua kuku na mayai yake. Akasema kuku si wa kuuza. Nikajikaza kisabuni, nikala wali wake na samaki, nikarudi Pongwe mikono mitupu, nikawa nampigia kila siku kuuliza hali ya kuku. Sijawahi kumwulizia mgonjwa namna ile. Siku aliponiambia vifaranga vimetoka nilikuwa kwenye gari kabla hajakata simu.

Nililifua gunia lile kwa sabuni ya mche na maji ya moto, kinyesi cha kuku kikatoka. Nikalishikiza juu ya merikani, nikakumbuka kulielekeza upande mama alioutaka, maana katani za upande mmoja hukaa karibu karibu kuliko za upande mwingine, na ukiliweka vibaya mdomo wa ndege unakuwa mfupi, haufiki pindoni. Nikashona. Kazi za watu nikaziweka kando, bwana wa bodaboda akanuna. Uzi wa jicho nikauchomoa kwenye soksi ya mwanangu, alipokuja Jumamosi, na alipouliza nikamwambia mende.

Siku ya kuchomoa gunia nililowesha kazi yote kwenye beseni. Katani ikishika maji inatoa harufu, na harufu ile ilipojaa chumbani nikakaa chini sakafuni. Ilikuwa harufu ya nguo za baba. Ya mikono ya mama. Ya kitanda tulicholala na dada, kwa sababu godoro letu lilikuwa la katani na mimi nilikuwa kikojozi. Nilichomoa katani moja moja kwa kibanio, nyingine zilinichoma vidole, na kadiri gunia lilivyotoka ndivyo ndege alivyozidi kukaa. Mwekundu wa kupiga kelele, anatazama kushoto, kosa la mama liko mahali pake. Niliwatamani watu wangu wote siku ile, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwita aje aone. Nikamkunja, nikamficha kabatini chini ya mashuka.

Dada alishuka kwenye boti polepole, amevaa baibui, ameshikiwa begi na kijana wa bandarini. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Nikamwamkia shikamoo dada. Akaniitikia, akanikagua juu mpaka chini, akasema nimenenepa. Tulishikana pale gatini mpaka watu wakawa wanatupita pembeni.

Alikaa na mimi wiki na zaidi. Maneno yake yamegeuka, anasema kama watu wa kule, lakini akikasirika Kishambaa kinarudi. Aliniomba makande kama ya mama, nikayapika, akasema maharage bado, akayala yote. Yeye alisali kwenye mkeka wake, mimi Jumapili nikaenda kanisani, nikirudi nikamkuta ameshachemsha chai. Tulilala kitanda kimoja kama zamani. Kwenye mto wake niliweka foronya ya mama, ya kweli. Mama alisema inamngoja, na mimi si mtu wa kumbadilishia mtu amana yake.

Na habari ya kuichukua dada hakuigusa. Siku ya kwanza aliipapasa, akauliza ndiyo hii, nikasema ndiyo hiyo, akasema imechujuka kweli. Basi. Kila siku nilingoja aseme jambo, na kila siku akazungumza habari za wajukuu, za mpunga, za nyani wanaoingia shambani kwake. Mimi nikawa nacheka, jicho langu liko kwenye ule mto.

Siku ya kuondoka nililimaliza jambo hilo mwenyewe. Nilifua foronya, nikaipiga pasi, nikaikunja, nikaiweka juu kabisa ya begi lake ili aione. Alipokuja kufunga zipu akaitoa. Akaenda nayo mpaka kitandani, akaushika mto, akauvalisha, akaupigapiga ukakaa sawa.

"Iache hapo," akasema. "Nikiichukua, nitakuja kufuata nini?"

Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto, na yeye akasimama ananisuta, eti mwanamke mzima, huku anajifuta kwa pindo la mtandio. Kumbe na yeye alikuwa anahesabu hesabu yangu ile ile. Akaniambia hakuwahi kuilalia foronya yake, hata siku moja. Aliiona ni nusu. Iko kwenye sanduku lake tangu alipofika kule, bado na mikunjo ya mama.

Ndipo nikaenda kabatini, nikamtoa yule mpya. Dada akamchukua, na kabla hajamtazama mbele akamgeuza. Akapitisha kidole nyuma, taratibu, mstari kwa mstari.

"Fundo," akasema.

Nikamwambia hakuna fundo. Akanionyesha. Lilikuwapo, moja, chini ya mkia. Akacheka mpaka akaketi. Halafu akamgeuza mbele na kicheko kikakatika. Akasema huyu ndiye wa kwenye sanduku lake, rangi hii hii, hajaiona mahali pengine tangu siku ile. Akagusa jicho. Akauliza uzi mweusi nimeutoa wapi, nikamwambia. Akamkunja akamweka begini chini ya nguo zake, si juu.

Boti iliondoka na mimi nikiwa nchi kavu kama kawaida yangu. Jioni akanipigia. Nilisikia sanduku linafungwa, vitoto vinapiga kelele, halafu akavifukuza. Akaniambia amevalisha mito miwili. Nikamwuliza midomo.

"Imegusana," akasema.

Nilikuwa nimekaa kitandani, upande wangu. Hondohondo wa mama alikuwa upande wa dada, anatazama nilipokaa. Nikamwuliza dada yangu atakuja lini kumfuata huyu. Akasema mdogo wangu, usiwe na wasiwasi, karafuu zikishaanuliwa.

Mto ule sijaulalia tena. Na sokoni Ngamiani kuna Wapemba wengi, kila ninayemwona namwuliza habari za karafuu. Zimezaa? Zimechumwa? Mvua haijazikuta juani? Wananijibu kwa heshima. Juzi mmoja ameniuliza nataka kununua gunia ngapi.